Bomba la mafuta linakuja Tanga, lakini nani anauangalia mchanga wa visimani?

Tanga. Ukichimba kisima karibu na bahari huku kwetu, iwe Chongoleani, Tongoni au Pangani, utagombana na vitu viwili: chumvi na mchanga. Chumvi utaizoea. Mchanga hauzoeleki. Unawasha pampu, maji yanapanda, ndoo inajaa, kila mtu anafurahi. Ukiiacha ndoo itulie kidogo, chini unakuta mchanga umelala. Ukiendelea kuvuta kwa pupa, pampu inasagika, na baada ya muda kisima kinaanza kujifukia chenyewe.

Sasa chukua tatizo hilohilo, lishushe mamia ya mita chini ya ardhi, na wakati mwingine kilomita kadhaa, weka mafuta mahali pa maji, halafu ongeza bei ya pampu mara elfu. Hapo umepata moja ya vita vya muda mrefu zaidi katika sekta ya mafuta na gesi, yaani kuuzuia mchanga usipande pamoja na mafuta.

Kwa nini hili liwe habari ya Tanga wakati Tanga haina kisima hata kimoja cha mafuta kinachozalisha? Kwa sababu Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, linaishia hapa. Lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko ndani ya Tanzania, likipita mikoa minane kuanzia Kagera hadi kwenye rasi ya Chongoleani. Jiwe la msingi liliwekwa palepale Agosti 5, 2017 na Rais John Magufuli pamoja na Rais Yoweri Museveni. Tangu siku hiyo mazungumzo ya mtaani yamekuwa ajira, fidia, viwanja kupanda bei, na lini hasa meli ya kwanza itapakia. Tarehe imeshasogezwa zaidi ya mara moja, kutoka 2020 hadi 2025, kisha 2026.

Ni maswali ya haki kabisa. Lakini kila shilingi ambayo Tanga inaitarajia kutoka kwenye bomba hili inategemea kitu ambacho hakipo Tanga: afya ya visima vilivyoko pembeni ya Ziwa Albert, Uganda. Na kwa visima vya aina ile, afya ni mchanga.

Mafuta hayakai kwenye ziwa la chini kwa chini

Wengi wetu tulikua tukidhani mafuta yapo ardhini kama kwenye pipa kubwa, unatoboa, unanyonya, basi. Ukweli ni kwamba yamejibanza ndani ya mwamba, kwenye vitundu vidogo kati ya punje na punje, kama maji yanavyojificha ndani ya mchanga wa ufukweni hata baada ya wimbi kurudi baharini.

Mara nyingi mwamba huo ni mchanga wa zamani ulioshikamana kwa saruji ya asili. Kuna maeneo saruji hiyo ni ngumu kama zege. Kuna mengine ni dhaifu kiasi kwamba kipande cha mwamba kikitolewa juu unaweza kukivunjavunja kwa vidole. Mawe yanayobeba mafuta katika Bonde la Albert yapo kwenye kundi hili la pili. Kwa hesabu za wanajiolojia ni mawe machanga, na katika baadhi ya maeneo hayakufukiwa kwa kina cha kutosha kukandamizwa yakawa magumu. Sifa hiyo ina faida yake: vitundu ni vikubwa na mafuta yanapita kirahisi. Hasara yake ni kwamba punje zenyewe nazo zinapita kirahisi.

Mchanga huanza kutembea kwa sababu ambazo mchimba kisima yeyote wa Pwani atazielewa. Ya kwanza ni pupa. Kadiri unavyovuta kwa nguvu, ndivyo tofauti ya presha kati ya mwamba na kisima inavyokuwa kubwa, na punje zilizo mdomoni mwa kisima zinang'oka. Ya pili ni uchovu wa mwamba. Mafuta yaliyokuwemo yalikuwa yanasaidia kubeba uzito wa ardhi iliyo juu. Presha ikishuka baada ya miaka ya uzalishaji, uzito wote unazilalia punje, na zile dhaifu zinavunjika.

Ya tatu ndiyo ya kuangaliwa zaidi kwa Uganda, nayo ni maji. Mradi wa Tilenga, unaoendeshwa na TotalEnergies na wenye visima zaidi ya 400, umepangwa kurudisha maji ardhini ili presha isishuke. Ni mbinu ya kawaida na ni nzuri, maana inapunguza ule uchovu wa mwamba. Lakini maji hayo siku moja yatafika kwenye visima vya uzalishaji, na yakifika yanalainisha na kuvunja ule mshikamano mdogo uliokuwa unazishika punje. Kisima ambacho kilikuwa kisafi kwa miaka kinaweza kuanza kutema mchanga ndani ya muda mfupi tangu maji yaingie. Ndiyo maana ripoti nzuri za mwaka wa kwanza zisitulevye. Mchanga ni ugonjwa wa utu uzima wa kisima.

Unaharibu nini?

Kwenye kisima cha gesi, mchanga ni msasa. Gesi inakimbia kwa kasi kubwa, na punje zikipigwa kwenye kiwiko cha bomba au kwenye valvu zinakwangua chuma kidogo kidogo mpaka kinatoboka. Wahandisi wanajua kuwa ukiongeza kasi mara mbili, ukwanguaji hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nne hadi sita. Bomba lililotoboka likiwa na gesi yenye presha ndani yake si habari ya matengenezo tena, ni habari ya maisha ya watu.

Kwenye mafuta, hasa mazito, mambo huenda polepole zaidi. Mchanga unajaza kisima kutoka chini, unasaga pampu, unaganda kwenye matenki ya kutenganishia mafuta, maji na gesi, na kila mara mtu anapaswa kusimamisha kazi ausafishe. Kuvuta pampu iliyokufa kutoka chini ya kisima kunahitaji rigi, na rigi inalipwa kwa siku, iwe inafanya kazi au imesimama.

Mafuta ya Uganda yana jambo la ziada. Yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda kama samli ya asubuhi, ndiyo sababu EACOP inajengwa ikiwa na mfumo wa umeme wa kulipasha joto njia nzima, likae juu ya nyuzi 50 za Selsiasi. Nta ikikutana na punje laini za mchanga zinashikana na kuwa tope zito. Tope hilo husukumwa na kifaa kinachotumwa ndani ya bomba kulikwangua. Wenyewe kwa lugha yao wanakiita nguruwe, sijui Chongoleani tutakiitaje.

Wanauzuiaje?

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni kutokuwa na haraka. Unapunguza mlango wa kisima, mafuta yanatoka taratibu, punje zinabaki zilipo. Kila kisima kina kiwango chake ambacho ukikivuka kinaanza kutapika. Tatizo ni kwamba hakuna mwekezaji aliyekopa mabilioni anayependa kusikia neno taratibu.

Njia inayofuata ni chujio. Bomba la mwisho kabisa chini ya kisima linatobolewa nyufa nyembamba au kuzungushiwa waya na wavu wa chuma, nafasi zake zikipimwa kulingana na ukubwa wa punje za mwamba ule ule. Ukikosea kipimo kwa kuweka nafasi kubwa, mchanga unapita. Ukiweka ndogo mno, punje laini zinaziba chujio na kisima kinakata pumzi. Hapo hakuna bahati nasibu, lazima sampuli ya mwamba ichekechwe maabara kabla ya kuagiza chujio.

Pale ambapo mchanga ni mkorofi zaidi, changarawe iliyochaguliwa kwa ukubwa maalumu inashindiliwa kati ya chujio na ukuta wa kisima. Changarawe inaushika mchanga, chujio linaishika changarawe. Kama umewahi kuona wachimbaji wa visima virefu vya maji wakimwaga kokoto ndogo pembeni ya bomba la plastiki lenye nyufa, basi umeiona teknolojia hii kwa macho yako. Tofauti ni kina, presha na bei. Ipo pia njia ya kusukuma gundi ya kemikali kwenye mwamba ili punje zishikane, ila hiyo hufaa zaidi sehemu fupi za kisima, na ikikosewa inaziba hata mafuta.

Halafu kuna watu waliofanya kinyume kabisa. Alberta, Kanada, kwenye mafuta mazito sana, kampuni ziliamua kuuruhusu mchanga utoke. Zilitumia pampu za skrubu zinazoweza kumeza mchanga, na zikagundua kwamba mwamba ukitema punje unafungua vijia vipya na mafuta yanaongezeka. Lakini kila siku malori yalibeba mchanga mchafu kwenda kuutupa mahali maalumu. Sidhani kama hilo ni jambo la kulipeleka Uganda, ambako baadhi ya visima vya Tilenga vipo ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls.

Juu ya ardhi kuna ulinzi wa mwisho: vihisi vinavyosikiliza punje zikigonga ukuta wa bomba kwa ndani, na mitungi inayozungusha mafuta kwa kasi ili mchanga, kwa uzito wake, utupwe pembeni na kushuka chini.

Sasa turudi Chongoleani

Niseme wazi kabla mtu hajasambaza kwenye makundi ya WhatsApp: mchanga wa Ziwa Albert hautamwagika baharini Tanga. Sehemu kubwa itaondolewa hukohuko kwenye mitambo ya kuchakata kabla mafuta hayajafika Kabaale, Hoima, bomba linapoanzia. Kimataifa, mafuta ghafi yanayosafirishwa hutakiwa kuwa na maji na takataka zisizozidi takriban nusu ya asilimia moja.

Ila nusu ya asilimia moja ya mapipa mengi bado ni kitu. Punje laini kuliko zote, zile ambazo chujio haliwezi kuzishika, zinasafiri. Zitakapofika Chongoleani zitakuta matenki manne, kila moja la mapipa 500,000, mafuta yakisubiri meli. Kwenye tenki mafuta hutulia. Kinachotulia kinashuka chini, kama kwenye ile ndoo yetu ya kisimani.

Baada ya miaka, chini ya kila tenki kutakuwa na tabaka la tope: nta, maji, kutu na mchanga. Litahitaji kuondolewa, na kazi hiyo ni ya hatari. Mtu anaingia mahali pamefungwa, pana mvuke unaoweza kulipuka au kumlaza mtu kabla hajajua kinachoendelea. Tope lenyewe ni taka hatarishi. Haliwezi kupelekwa dampo la kawaida wala kufukiwa nyuma ya ua. Na eneo lenyewe linapakana na maji ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kumlinda samaki ambaye dunia iliwahi kudhani ametoweka, na ambayo ndani yake wapo wavuvi wanaotegemea bahari hiyo kwa mboga ya jioni.

Hapa ndipo naona Tanga inakosa mjadala. Tumejadili sana ajira za ujenzi, za kuchimba mtaro na kuchomelea bomba, ambazo kwa asili yake zinaisha ujenzi ukiisha. Ajira zinazobaki kwa miaka 20 na zaidi ni hizi zisizo na picha nzuri: kupima unene wa chuma, kusikiliza bomba, kuchukua sampuli za mafuta, kusafisha tenki kwa usalama, kusafirisha na kuteketeza taka za mafuta. Zinahitaji vyeti, na vyeti vinahitaji muda. Kijana wa Chongoleani anayemaliza kidato cha nne mwaka huu angeweza kuwa tayari tenki la kwanza litakapofunguliwa kusafishwa, kama kuna mtu ameanza kumwandaa sasa. Asipoandaliwa, watakuja watu na kampuni yao kutoka nje, watafanya kazi wiki chache, wataondoka.

Hesabu ya mapipa

Kuna upande wa pesa. Tanzania kupitia Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, inamiliki asilimia 15 ya kampuni ya bomba. Uganda nayo, kupitia shirika lake UNOC, ina 15, CNOOC ya China ina 8, na TotalEnergies imeshika 62. Bomba linaingiza pesa kwa ada ya kusafirisha kila pipa, ambayo imetajwa kuwa zaidi ya dola 12 za Marekani.

Uwezo wa juu wa bomba ni mapipa 246,000 kwa siku. Tuseme, kwa mfano tu, visima vimeanza kutema mchanga na waendeshaji wamelazimika kuvibana, uzalishaji ukashuka kwa asilimia 5. Hayo ni mapipa 12,300 kwa siku. Kwa ada ya dola 12, bomba linakosa karibu dola 147,600 kila siku, kama dola milioni 54 kwa mwaka. Hiyo ni kabla ya gharama na madeni, na fungu la Tanzania ni sehemu tu ya pesa hiyo. Lakini inatosha kuonyesha kwamba punje ndogo iliyo chini ya Buliisa ina mkono kwenye bajeti ya Dodoma. Mikataba inaweza kumkinga mwenye bomba dhidi ya mteja anayechelewa. Haiwezi kurudisha mafuta yaliyobaki chini ya kisima kilichojifukia.

Na Tanzania haina kiti kwenye uamuzi wa visima. Kasi ya kuvuta, aina ya chujio, lini kisima kifungwe, hayo yanaamuliwa na waendeshaji chini ya Mamlaka ya Petroli ya Uganda. Sisi ni wabia wa bomba, si wa visima. Tunaloweza kudai ni taarifa: kila robo mwaka, kiasi cha maji na mchanga kinachotoka, na visima vingapi vimesimama kwa matengenezo. Mbia mwenye asilimia 15 hana sababu ya kuona haya kuuliza hilo.

Nyumbani nako

Hata kama Uganda ingekuwa mbali, Tanzania ina visima vyake. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika 2004. Mnazi Bay iligunduliwa 1982 na kuanza 2006. Songo Songo ilitufundisha gharama ya kupuuza kinachotokea ndani ya kisima, ingawa adui pale alikuwa kutu kwenye mabomba ya ndani, si mchanga. Mwaka 2015 ililazimu rigi iletwe baharini kuvikarabati visima vya zamani.

Mbele yetu kuna gesi ya kina kirefu, mbele ya Lindi na Mtwara. Tanzania inahesabu zaidi ya futi za ujazo trilioni 57 za gesi kwa jumla, na sehemu kubwa ipo huko, kwenye visima ambavyo midomo yake iko chini ya maji, vingine kwa zaidi ya mita 2,000. Kisima cha nchi kavu kikitema mchanga unaleta rigi kwa barabara. Kisima cha kina kile kikitema, unakodi meli maalumu ya kuchimba, na huenda ukasubiri foleni. Chujio la huko linatakiwa kuwa sahihi mara ya kwanza. Mamlaka inayosimamia, PURA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Petroli ya 2015, ndiyo itakayosoma mipango ya visima hivyo kabla ya kuipitisha, na ukurasa wa mchanga usiwe ule unaorukwa.

Upande wetu wa kaskazini mwa Pwani bado ni matumaini. Pemba mafuta yamekuwa yakivuja yenyewe ardhini Tundaua, kisima kilichimbwa kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1960 bila kupata mafuta ya kibiashara, na mwaka 2018 Zanzibar ilisaini mkataba na RAK Gas ya Ras al-Khaimah kutafuta upya. Siku rigi ikirudi katika maji haya, wavuvi wa Tanga na Pemba watauliza kuhusu kelele, samaki na fidia. Waongeze moja: mchanga utakaotoka na mafuta utapelekwa wapi?

Kwa Chongoleani swali hilo halisubiri rigi. Linasubiri tu tenki la kwanza lijazwe, kisha miaka michache lifunguliwe chini. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina muda wa kutosha kuwaambia wakazi wa kata ile, kwa lugha yao na kwenye mkutano wao wa kijiji au mtaa, tope hilo litapita barabara gani na litaishia wapi.